UZI: Chembe nano za metali kwenye picha za saratani, na swali ambalo vichwa vya habari hukwepa: zinaishia wapi mwilini?

FizikiaTiba (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila baada ya muda huletwa humu habari kwamba wanasayansi wametengeneza chembe ndogo za dhahabu zinazoonyesha saratani ikiwa bado changa kabisa. Watu wanashangilia, kurasa zinajaa, kisha kimya. Miaka inapita, na mgonjwa anayepigwa CT (picha za eksirei zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande) bado anachomwa aidini ileile. Hili ndilo eneo ninalolifanyia kazi, na linaniuma kuona watu wakipewa nusu ya habari. Naandika kwa kirefu, mnivumilie.

Picha ya eksirei hutegemea jambo moja: ni sehemu gani ya mwili inayozuia mionzi kuliko jirani yake. Mfupa una kalsiamu, hivyo unazuia na kuonekana mweupe. Uvimbe ulio ndani ya ini umeumbwa kwa maji, protini na mafuta, na ini lenyewe vilevile. Mbele ya mionzi hivyo viwili karibu havina tofauti. Ndiyo maana tunatumia dawa ya kontrasti. Kwenye CT hiyo ni aidini, yenye namba ya atomiki 53; kwa kawaida namba hiyo ikiwa kubwa, elementi huzuia eksirei zaidi. Mtu mzima huingiziwa kiasi cha gramu 30 hadi 40 za aidini kwa mkupuo mmoja, na figo zikiwa nzima sehemu kubwa inatoka na mkojo ndani ya siku moja.

Shida ya aidini ni kwamba molekuli zake ni ndogo, zinapita haraka, na hazijui saratani ni nini. Zinaenda popote damu inapokwenda. Molekuli moja ya dawa hizo hubeba atomi tatu za aidini, nyingine sita. Sasa chukua chembe moja ya dhahabu yenye upana wa nanomita 10 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita): ndani yake kuna atomi kama 31,000 za dhahabu, na namba yake ya atomiki ni 79. Juu yake unaweza kubandika kingamwili inayotambua seli ya saratani. Ukisikia hivyo mara ya kwanza unaona kabisa kwamba tatizo limekwisha.

Halijaisha, na sababu zake ndizo zilizonifanya nifungue uzi huu. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: chembe ya kontrasti ihukumiwe kwanza kwa njia yake ya kutoka mwilini, ndipo tuulize inang'aa kiasi gani. Historia imetufundisha hivyo kwa gharama ya maisha ya watu. Naendelea post inayofuata.

FizikiaTiba

Wengi wanadhani chembe nano kwenye picha za hospitali ni jambo la karne hii. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 hadi miaka ya 1950 kulikuwa na dawa iitwayo Thorotrast. Ilikuwa chembe za dioksidi ya thoriamu zinazoelea kwenye maji, za nanomita chache tu. Kwa lugha ya leo hiyo ni chembe nano ya metali bila ubishi. Thoriamu ina namba ya atomiki 90, kwa hiyo picha zake zilikuwa safi mno. Mishipa ya ubongo ilionekana vizuri, ini na wengu vilionekana vizuri, na mgonjwa hakulalamika maumivu wakati wa kuchomwa. Madaktari waliipenda kwa haki kabisa, kwa walichokiona siku ile.

Ila thoriamu inatoa mionzi ya alfa, na chembe zile hazikutoka. Zilimezwa na seli walinzi za ini, wengu na uboho zikakaa humo maisha yote ya mgonjwa, zikiichoma tishu ya pembeni kidogokidogo. Miongo kadhaa baadaye watu walewale wakaanza kupata saratani za ini, zikiwemo saratani za mishipa ya damu ya ini ambazo kwa kawaida ni nadra sana, pamoja na saratani za damu. Dawa ya kuonyesha ugonjwa ikazaa ugonjwa.

Dhahabu haitoi mionzi, wala chuma. Kwa hiyo sisemi leo yatajirudia yaleyale. Ninachosema ni kwamba ini, wengu na uboho ndiko zinakokwenda chembe nyingi hata leo, ziwe za kitu gani.

MpigaPicha_CT

Mkuu shukrani kwa uzi. Mimi niko kwenye mashine kila siku, naomba nikuulize kitu kinachonisumbua. Kila makala inasema dhahabu inazuia eksirei "mara tatu" kuliko aidini. Ni kweli? Kwa volti zipi?

FizikiaTiba

Swali la mtu anayejua kazi yake. Jibu ni kweli, ila kwa nishati fulani tu.

Kila elementi ina kizingiti cha nishati ambapo uwezo wake wa kunyonya eksirei unaruka ghafla, kwa sababu hapo fotoni (chembe moja ya eksirei) inapata nguvu ya kung'oa elektroni za ndani kabisa. Kwa aidini kizingiti hicho ni 33.2 keV (keV ni kipimo cha nishati ya fotoni). Kwa dhahabu ni 80.7 keV. Sasa angalia namba, kwa kila gramu:

Kwenye 100 keV, dhahabu inanyonya 5.16 na aidini 1.94 (sentimita za mraba kwa gramu). Hapo ndipo inapotoka ile "mara tatu", pungufu kidogo.

Kwenye 60 keV, aidini ni 7.58 na dhahabu 4.53. Hapa aidini inashinda.

Kwenye 80 keV, chini kidogo tu ya kizingiti cha dhahabu, aidini ni 3.51 na dhahabu 2.19. Bado aidini inashinda. Ukivuka 80.7, dhahabu inaruka hadi 8.9.

Wewe mwenyewe unajua ukiweka mashine 120 kVp (kiwango cha juu cha volti zake, kwa maelfu), fotoni nyingi zinazotoka ziko kati ya 50 na 80 keV. Yaani sehemu kubwa ya boriti inapita pale ambapo dhahabu iko nyuma ya aidini. Kwenye 140 kVp mambo yanabadilika kidogo kwa faida ya dhahabu, hasa kwa mgonjwa mnene ambaye mwili wake unachuja fotoni dhaifu. Ila ile "mara tatu" usiitegemee kwenye mashine ya kawaida.

Kinachonipa matumaini ni CT mpya zinazohesabu fotoni mojamoja na kupima nishati ya kila moja. Ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2021. Mashine hiyo inaweza kukuonyesha fotoni zilizo juu ya 80.7 keV peke yake, ikatenganisha dhahabu na aidini na kalsiamu kwenye picha ileile. Dhahabu ilikuwa inaisubiri mashine hii. Bismathi nayo, metali nyingine nzito yenye namba 83 na kizingiti cha 90.5 keV.

MpigaPicha_CT

Daah. Hapo nimeelewa kitu ambacho sijawahi kuelezwa hivyo. Kwa hiyo makala huwa zinachagua nishati inayowafaa.

FizikiaTiba

Utafiti wenyewe hutaja nishati vizuri tu, mkuu. Habari inapofupishwa ndipo nishati hudondoka njiani.

Majaribio maarufu zaidi ni ya James Hainfeld na wenzake Marekani, yaliyochapishwa 2006. Walitumia chembe za dhahabu za nanomita 1.9 kwa panya wenye uvimbe. Picha zilikuwa nzuri ajabu, mishipa midogo ilionekana, na kwa kuwa chembe zilikuwa ndogo sana zilitoka kwa figo. Kipimo kilikuwa gramu 2.7 za dhahabu kwa kila kilo ya mwili wa panya. Piga hesabu hiyohiyo kwa mtu wa kilo 60: gramu 162 za dhahabu ndani ya mshipa. Najua kipimo hakihamishwi kutoka kwa panya kwenda kwa binadamu kwa kuzidisha kilo tu, lakini uzito wa tatizo unauona. CT haina macho makali kwa vitu vichache. Inahitaji metali nyingi mahali pamoja ndipo ionyeshe tofauti.

KemiaHai

Niongeze upande wa kemia, kwa sababu watu wanadhani kutengeneza chembe ndiyo kazi ngumu. Kutengeneza ni rahisi kuliko wanavyofikiri. Njia ya Turkevich ya 1951 hadi leo inafundishwa kwa wanafunzi. Unachemsha maji yenye chumvi ya dhahabu, rangi yake ni njano hafifu. Yakichemka sawasawa huku yanakorogwa, unamimina sitreti ya sodiamu. Njano inapotea, maji yanabaki bila rangi kabisa. Unasubiri. Kisha yanaanza kuwa kijivu, yanaelekea bluu nzito karibu na nyeusi, halafu mbele ya macho yako yanageuka zambarau na kutulia kwenye wekundu wa divai. Hapo una chembe za nanomita 15 hadi 20. Wekundu huo ndio Michael Faraday aliuchunguza London miaka ya 1850, na alishagundua kwamba unatokana na dhahabu iliyogawanyika vipande vidogo mno.

Sasa chukua kiasi kidogo cha maji hayo mekundu, tia chumvi ya kawaida. Yanageuka bluu papo hapo, na baadaye masizi meusi yanatua chini. Chembe zimegandana. Damu ina chumvi. Ukiziingiza hivyo zilivyo kwenye mshipa, zitagandana kabla hazijaenda popote. Kwa hiyo kila chembe lazima ivishwe koti, mara nyingi polima ya PEG (molekuli ndefu inayopenda maji), isigandane na isitambuliwe haraka na seli walinzi. Hata hivyo ikishaingia kwenye damu, protini za damu zinaizunguka na kuivisha koti la pili ambalo hukulipanga wewe. Ile kingamwili uliyobandika kwa uangalifu inaweza kufunikwa isiguse chochote. Hapo ndipo kazi ngumu ilipo.

FizikiaTiba

Asante sana KemiaHai, hapo umenisaidia.

Na ukubwa wa chembe pamoja na koti lake ndio unaoamua itoke au ibaki. Figo ni kama chekeche. Timu ya Marekani ilionyesha mwaka 2007 kwamba chembe zenye upana usiozidi kama nanomita 5.5, koti likiwemo, hupita na kutoka na mkojo kwa haraka. Zaidi ya hapo ini na wengu vinazidaka. Basi watu wakasema, tuzifanye zote ndogo. Tatizo: chembe ndogo sana zinatoka kabla hazijakusanyika kwenye uvimbe. Halafu dhahabu ikiwa ndogo mno inabadilika tabia. Watafiti wa Ujerumani waliona kwamba vishada vya nanomita 1.4 viliua seli kwenye maabara, wakati chembe za nanomita 15 hazikuziua hata kwa kipimo kikubwa zaidi mara nyingi. Metali ileile.

MsomajiMakini

Samahani wakuu mimi si mtu wa sayansi. Chembe zinajuaje uvimbe uko wapi? Nimesoma kwamba mishipa ya saratani ina matundu na chembe zinavujia humo zenyewe.

FizikiaTiba

Huna haja ya kuomba samahani, hilo ndilo swali lililolisha utafiti huu kwa zaidi ya miaka 30.

Wazo la matundu lilitoka Japani, Matsumura na Maeda, mwaka 1986. Mishipa ya uvimbe hukua kwa pupa, kuta zake si nzima, na mifereji ya limfu ya kuondoa taka ni mibovu. Kwa hiyo kitu kikubwa kinavuja kuingia na kinakwama. Kwa panya inaonekana vizuri. Kwa binadamu inatofautiana sana kati ya mgonjwa na mgonjwa, hata kati ya uvimbe mmoja na mwingine ndani ya mtu mmoja.

Mwaka 2016 kundi la Warren Chan la Toronto lilikusanya tafiti za miaka kumi, nyingi za panya, na kuuliza: katika kila dozi, kiasi gani kilifika kwenye uvimbe? Jibu la katikati lilikuwa asilimia 0.7. Nilipoisoma namba ile niliikalia kwa muda. Ukichoma gramu 10 za metali, miligramu 70 ndizo zinazofika kwenye lengo, na gramu tisa na ushee ziko kwingine. Mwaka 2020 kundi hilohilo likaonyesha kwamba kwenye uvimbe waliouchunguza chembe nyingi mno, hadi asilimia 97, hazikupita kwenye matundu. Zilivushwa na seli za ukuta wa mshipa zenyewe. Kama hilo litathibitika kwa binadamu, sehemu kubwa ya ubunifu wa miaka ya nyuma ililenga mlango usio sahihi.

Unganisha na hesabu ya CT hapo juu: mashine inataka metali nyingi, uvimbe unapata kidogo. Mimi binafsi siamini kwamba chembe ya dhahabu ya kuchomwa mshipani itachukua nafasi ya aidini kwenye CT za kila siku.

DadaNesi

Kaka, sasa mbona unatukatisha tamaa? Kuna kilichowahi kufika kwa wagonjwa kikafanya kazi?

FizikiaTiba

Kipo dada, na hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Chuma.

MRI haitazami mionzi, inatazama jinsi maji ya mwilini yanavyoitika ndani ya sumaku. Chembe ya oksidi ya chuma ni sumaku ndogo inayovuruga maji yaliyo karibu nayo, na sehemu hiyo inakuwa nyeusi kwenye picha. Vurugu hiyo inafika mbali kuliko chembe yenyewe, kwa hiyo kidogo kinatosha. Dawa ya Feridex, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996 kwa ajili ya uvimbe wa ini, kipimo chake kilikuwa miligramu 0.56 za chuma kwa kilo. Mtu wa kilo 60 anapata kama miligramu 34. Linganisha na zile gramu 162.

Na tazama walivyoigeuza tabia ya mwili ikawa faida. Nimesema ini hudaka chembe, na kila mtu anaona hilo kuwa tatizo. Wao walisema: zidakwe. Seli walinzi za ini lenye afya zinazimeza, ini linakuwa jeusi. Uvimbe wa saratani kwa kawaida hauna seli hizo, unabaki mweupe katikati ya weusi. Hawakuhitaji kingamwili wala matundu ya mishipa.

Zaidi ya hapo, chuma kina pa kwenda. Mwili una gramu 3 hadi 4 za chuma tayari. Chembe inavunjwavunjwa ndani ya seli, chuma chake kinaingia kwenye akiba na mwisho kinatumika kutengeneza chembe nyekundu za damu. Ndicho nilichokuwa nikisema post ya kwanza kuhusu njia ya kutoka.

Ya pili ni ferumoxtran, kwa ajili ya tezi za limfu. Kwa CT au MRI ya kawaida tunahukumu tezi kwa ukubwa, na saratani inaweza kujificha ndani ya tezi ndogo kabisa. Ukiweka chembe hizi kwa dripu na kupiga picha baada ya siku moja hivi, tezi yenye afya inakuwa nyeusi kwa sababu seli walinzi wake wamezimeza. Sehemu iliyovamiwa na saratani inabaki nyeupe. Utafiti uliochapishwa 2003 kwa wanaume 80 wenye saratani ya tezi dume ulionyesha kwamba, tezi kwa tezi, njia hii iligundua asilimia 90.5 ya zilizovamiwa, dhidi ya asilimia 35.4 kwa MRI ya kawaida. Kati ya tezi 63 zilizokuwa na saratani, 45 zilikuwa na ukubwa ambao daktari angezipita akisema ni salama.

DadaNesi

Asilimia 90 kwa 35! Sasa kwa nini hatuioni wodini?

FizikiaTiba

Inauma kuisimulia. Mwaka 2005 kamati ya washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilipiga kura kutoiunga mkono kwa matumizi mapana yaliyoombwa, na Ulaya ombi likaondolewa baadaye. Feridex nayo iliacha kutengenezwa mwaka 2008, wakati dawa nyingine za ini za gadolini (metali ya dawa za kontrasti za MRI) zilikuwa zimeshika soko. Baadhi ya wagonjwa walipata maumivu makali ya mgongo wakati wa dripu, hilo nalo halikusaidia. Uholanzi, hospitali ya chuo kikuu ya Nijmegen iliifufua ferumoxtran na kuendelea kuichunguza.

Kuna ndugu yake, ferumoxytol, iliyoidhinishwa Marekani 2009 kutibu upungufu wa chuma kwa wagonjwa wa figo. Baadhi ya madaktari huitumia kwenye MRI pale gadolini haifai. Mwaka 2015 iliwekewa onyo kali kuhusu mzio unaoweza kuua, kwa hiyo hutolewa taratibu chini ya uangalizi. Na kwa saratani ya matiti, chembe za chuma zinachomwa karibu na uvimbe ili daktari wa upasuaji aitafute tezi ya limfu ya kwanza kupokea majimaji ya uvimbe kwa kifaa cha kuhisi sumaku, badala ya kutegemea dawa ya nyuklia (yenye mionzi). Hiyo ilipata kibali Marekani 2018 na inatumika.

KemiaHai

Usisahau gadolini, na hafniamu, metali nyingine nzito.

FizikiaTiba

Kwa ufupi. AGuIX ya Lyon, Ufaransa, ni chembe zenye gadolini, ndogo kiasi cha kutoka kwa figo. Zimeshapewa wagonjwa wenye saratani iliyosambaa ubongoni: zinaonekana kwenye MRI na wakati huohuo zinaongeza nguvu ya tiba ya mionzi. Oksidi ya hafniamu huchomwa moja kwa moja ndani ya uvimbe, kwa hiyo ile asilimia 0.7 haiihusu kabisa. Kazi yake ni tiba, ila CT inakuonyesha imekaa wapi. Ilipata kibali cha Ulaya 2019 kwa saratani za tishu laini.

Mkitaka ubashiri wangu, dhahabu itapata nafasi kwa njia hiyo: ndani ya uvimbe wenyewe, au kwenye picha za mwanga na sauti, ambapo vijiti vya dhahabu hunyonya mwanga ulio karibu na infraredi na kutoa mlio unaonaswa kama ultrasound. Huko kiasi kidogo kinatosha.

MsomajiMakini

Mkuu, nikuulize la moyoni. Mzee wangu ana saratani ya tezi dume, wiki ijayo anapigwa CT yenye dawa. Je, tusubiri tutafute hiyo ya chuma?

FizikiaTiba

Pole sana ndugu yangu, na Mungu ampe mzee nafuu.

Msisubiri. Aidini ina miongo mingi ya matumizi, madhara yake yanajulikana na namna ya kuyadhibiti inajulikana. Kwa swali la tezi za limfu na saratani ya tezi dume, siku hizi kuna PET ya PSMA, picha inayotumia dawa ya nyuklia kwa kiasi kidogo mno kutafuta PSMA, protini iliyo juu ya seli za saratani ya tezi dume, na imechukua sehemu kubwa ya kazi ambayo ferumoxtran ilikuwa imeandaliwa kuifanya. Mwulizeni daktari wake kama inamfaa na kama inapatikana mnakotibiwa.

Kabla ya CT hakikisheni mambo haya yamesemwa kwa mdomo, msidhani yapo kwenye faili: kipimo cha figo cha karibuni, kama ana kisukari na anatumia metformin, kama aliwahi kupata mzio kwa dawa ya kontrasti au ana pumu, na kama ana shida ya tezi ya shingo. Muulizeni pia kuhusu maji ya kunywa kabla na baada. Mpiga picha hatakasirika kuulizwa.

MpigaPicha_CT

Hatukasiriki kabisa. Na mkumbushe mzee: dawa ikiingia atahisi joto mwili mzima, na ataona kama amejikojolea. Hajajikojolea, inapita ndani ya dakika moja hivi. Akihisi kuwashwa, koo kubana au pumzi kuwa fupi, aseme hapohapo, asingoje picha iishe.